Taima na orodha ya kazi ndani ya brauza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtafsiri, kazi yangu yote iko kwenye laptopu na brauza iko wazi kutwa nzima, na wenzangu tunaofanya nao kazi za mtandaoni huniuliza sana kuhusu hizi ekstensheni za kupima muda na kupanga kazi, niweke ipi, mbona yangu inasimama, ni salama kweli. Nimekusanya yale yanayojirudia. Pale watu wanapoumia nimejibu kirefu, pengine nimepita haraka.

Ekstensheni ya taima ni kitu gani, na kwanini nisitumie tu saa ya simu?

Ni kiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya brauza, ikoni yake iko juu kulia, na kama Chrome yako umeiweka kwa Kiswahili utaona vinaitwa viendelezi. Unaibonyeza, kidirisha kinafunguka, unaandika kazi unayotaka kufanya, unaanzisha saa, mara nyingi ya dakika 25 (hiyo ndio raundi moja), muda ukiisha inalia ujue ni wakati wa kupumzika. Nyingine zinafungia tovuti zinazokupotezea muda wakati saa inatembea.

Saa ya simu inapima muda vizuri tu, shida ni simu yenyewe. Unaishika uone zimebaki dakika ngapi, hapohapo unakuta grupu la kamati ya harusi lina meseji 64, mtu katuma picha ya sare, wengine wanabishana rangi, unasema ngoja nicheki hii moja tu, ukija kuinua kichwa chai imepoa na ile sentensi uliyokuwa unaitafsiri hukumbuki hata ilianzaje. Taima ikiwa kwenye brauza simu inabaki kwenye mkoba. Halafu kuna jambo ambalo saa ya simu haiwezi kabisa, nalo ni kuishikanisha dakika na kazi, yani mwisho wa wiki unaona kwamba ile ripoti uliyomwambia mteja ni ya saa moja ilikula raundi 7, na safari ijayo unapanga bei ukijua.

Hizo dakika 25 zimetoka wapi? Ni lazima?

Zimetoka kwa Muitaliano anaitwa Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa anashindwa kutulia na masomo akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaanza kujipimia. Nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, ndio maana nusu ya hizi ekstensheni ikoni yake ni nyanya. Utaratibu wake ni dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya raundi 4 unapumzika zaidi, dakika 15 mpaka 30.

Sio lazima. Kwa kujibu imeili na kusahihisha, 25 zinatosha sana. Kwa kutafsiri mkataba mimi huwa naweka 40 na 10, kwasababu dakika kumi za mwanzo zinaishia kwenye kukumbuka istilahi nilizotumia juzi, nikiweka 25 inalia ndio kwanza nimeshika kasi. Mtu anayeandika msimbo wa programu za kompyuta anaweza kutaka 50. Kwahiyo ekstensheni isiyokuruhusu kubadilisha muda iache, hata kama ina sura nzuri kiasi gani.

Zipo kibao. Nianze kuangalia nini?

Usianze na ekstensheni, anza na muda wako unapovujia, maana watu wanachagua kwa kuangalia nyota na picha wakati tatizo lao ni jingine kabisa. Siku mbili tu, chukua karatasi uiweke pembeni ya laptopu, kila ukijikuta umetoka kwenye kazi chora kijiti na uandike neno moja, ulienda wapi. Usijizuie wala usijilaumu, andika tu.

Jioni ya siku ya pili isome. Kama vijiti vingi vimeandikwa YouTube, Instagram, mpira, magazeti, wewe unahitaji ya kufungia tovuti, taima kwako ni nyongeza. Kama vingi ni "sijui nifanye nini sasa" au "nimekumbuka kitu kingine", yani unaruka kutoka kazi hii kwenda ile, unahitaji orodha ya kazi inayokuonyesha moja kwa wakati mmoja. Na kama hutoki kabisa kwenye kazi ila siku inaisha hujui imeenda wapi, mgongo unauma na hujala, unahitaji taima yenye kumbukumbu, ile inayoandika kila raundi ilikuwa ya kazi gani.

Wengi wana mchanganyiko, sawa, ila kuna mmoja mkubwa, na huo mkubwa ndio wa kuchagulia. Dada mmoja tunayefanya naye kazi aliweka ekstensheni ya kufungia tovuti miezi miwili akaona haimsaidii kitu, tulipokaa na karatasi yake vijiti karibu vyote vilikuwa "nimeenda kutafuta lile faili". Hakuwa na uvivu wowote, kazi zake zilikuwa hazijaandikwa mahali pamoja. Akaweka orodha, kila kazi akaibandikia linki ya faili lake, na ile ya kufungia akaiondoa.

Inaniambia inataka kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote. Nikubali?

Hapa naomba usome taratibu.

Ekstensheni ya taima tupu haihitaji hiyo ruhusa. Inahitaji kuhifadhi vitu vyake, kupiga kengele na kukutumia arifa, basi. Ukiona taima ya kuhesabu dakika 25 inataka kusoma kila ukurasa unaoufungua, benki yako ikiwemo, imeili ikiwemo, funga tafuta nyingine. Ya kufungia tovuti inaeleweka zaidi ikiomba, kwasababu lazima ijue unafungua nini ndio ikuzuie, ingawa siku hizi Chrome ina njia ambayo ekstensheni inaikabidhi brauza orodha ya tovuti, na brauza yenyewe inazuia bila ekstensheni kusoma kilichomo, na waliotengeneza vizuri wanaitumia.

Kwanini nakazania hivi. Kulikuwa na ekstensheni inaitwa The Great Suspender, ya kulaza vichupo (tab) usivyovitumia ili kompyuta isilemewe, nzuri, watu zaidi ya milioni wakiitumia. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakaiondoa dukani na kuizima kwenye brauza za watu kwasababu ilikuwa na msimbo hasidi. Walioiweka hawakukosea kitu siku ile walipoiweka, iligeuka ikiwa tayari iko ndani. Disemba 2024 tena, kipindi cha Krismasi, wezi walimtumia mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven imeili ya uongo iliyojifanya imetoka duka la Chrome, akanasa, wakapata njia ya kusukuma toleo bovu la ekstensheni ya kampuni hiyo kwa wateja wake. Hiyo ni kampuni ya usalama, sasa fikiria ka-taima kanakotunzwa na mtu mmoja usiku baada ya kazi.

Kwahiyo ninachofanya mimi: naangalia imepata apdeti lini mara ya mwisho, nasoma maoni mapya na sio yale ya juu tu (ikigeuka, watu huanza kulalamika pale), halafu naandika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, nafungua maelezo yake, na pale kwenye ufikiaji wa tovuti nachagua ifanye kazi nikibonyeza tu au kwenye tovuti ninazozitaja mimi. Na ukiona siku moja Chrome imeizima yenyewe inakwambia inataka ruhusa mpya, usibonyeze kukubali kwa mazoea, jiulize taima imeanzia wapi kuhitaji hicho kitu.

Alama za ubora zinasaidia kiasi. Firefox wana beji ya zile zinazopendekezwa, ambazo Mozilla wanazikagua wenyewe. Chrome nao wana beji yao. Mimi beji naichukulia kama mtu kukutambulisha kwa rafiki yake, bado utamwangalia mwenyewe.

Taima yangu inasimama nikifunga kidirisha, au inalia kwa kuchelewa. Laptopu yangu ni mbovu?

Laptopu haina kosa, ni ekstensheni imetengenezwa vibaya. Kwenye mfumo wa sasa wa ekstensheni za Chrome, ile sehemu inayofanya kazi nyuma ya pazia inalazwa ikikaa kama sekunde 30 bila shughuli. Aliyetengeneza kwa kuhesabu sekunde mojamoja, hesabu yake inakufa pale inapolazwa. Aliyetengeneza vizuri anaandika saa ya kumaliza, mfano 10:25, halafu anaiomba brauza imwamshe muda huo, hata ukifunga kidirisha ukafungua vichupo ishirini itakulilia tu. Hizi taima za kufungua kama tovuti ya kawaida nazo zina shida ya kufanana, tangu Chrome 88 ya Januari 2021 kichupo kilichofichwa zaidi ya dakika 5 mara nyingi kinaruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika.

Ijaribu kabla hujaizoea. Iseti dakika 10, anzisha pamoja na saa ya simu, funga kidirisha, fanya kazi zako kwenye vichupo vingine, usiiguse. Rudia tena ila katikati funika laptopu dakika 3 ilale kisha ifunue. Inapaswa iendelee pale muda ulipofika kweli, isianze kuhesabu kutoka ilipoachwa.

Kama inahesabu vizuri ila hailii, angalia arifa. Windows ikiwa kwenye hali ya usinisumbue inazimeza, na kwenye Mac lazima uiruhusu Chrome yenyewe kutuma arifa kwenye mipangilio ya mashine.

Orodha yangu ya kazi inakaa wapi? Inaweza kupotea?

Inaweza, na mimi ilinipotea. Nilikuwa na mradi wa kurasa 60, nimeorodhesha kila sura na chini ya kila sura nimeandika maneno niliyokubaliana na mteja, neno hili tutumie hivi, lile tusilitumie. Ekstensheni ikaanza kuganda, nikasema niiondoe niiweke upya, jambo la kawaida tu kwenye kompyuta. Ikarudi safi, tupu. Nilikaa mpaka saa sita usiku napitia imeili za mteja moja baada ya nyingine nikiokota yale maneno, na mawili sikuyapata, ilibidi nimuulize tena mtu ambaye alishanijibu.

Ilivyo ni kwamba nyingi zinahifadhi kwenye kompyuta yako tu, na ukiiondoa ekstensheni vile ilivyohifadhi pale vinafutwa nayo. Nyingine zinatumia usawazishaji wa akaunti ya brauza, inafuata kila kompyuta uliyoingia na akaunti hiyo, ila nafasi ya Chrome kwa njia hii ni kama kilobaiti 100 kwa ekstensheni, kwa kazi fupifupi inatosha, kwa mtu anayeandika maelezo marefu kama mimi inajaa. Na zipo zenye akaunti zao kwenye seva, hizo hata kompyuta ikiibiwa orodha ipo, ila sasa maandishi yako yako kwa mtu mwingine, kwahiyo majina ya wateja na mambo ya siri usiyaandike humo.

Swali la kuuliza kabla hujaweka chochote: nikitaka kuondoka na orodha yangu natokaje? Tafuta kitufe cha kutoa nakala. Kama hakipo, itumie kwa kazi za leo tu. Mimi sasahivi kila Ijumaa kabla sijafunga natoa nakala naiweka kwenye folda moja, haichukui hata dakika.

Mimi natumia simu tu, itanisaidia?

Chrome ya Android haikubali ekstensheni, usihangaike kutafuta. Firefox ya Android inakubali, LeechBlock NG ya kufungia tovuti ikiwemo, na tangu Disemba 2023 wamefungua mlango kwa nyingi. iPhone zenye iOS 15 kwenda juu zinaruhusu ekstensheni za Safari. Lakini nikwambie ukweli, kama kazi yako yote iko kwenye simu tafuta app ya simu, kwasababu ekstensheni inatawala brauza peke yake, haina uwezo wowote juu ya WhatsApp au TikTok zilizo nje ya brauza.

Brauza yangu sio Chrome.

Edge, Brave, Opera na Vivaldi zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, ekstensheni za duka la Chrome kwa kawaida zinaingia. Firefox ina duka lake, nyingi kubwa zipo huko pia.

Inakula bando? Na umeme ukikatika?

Taima haili kitu, ikishaingia inafanya kazi hata ukiwa oflaini. Orodha zenye akaunti zinatuma maandishi tu, kidogo sana. Ya kuangalia ni zile zinazobadilisha ukurasa wa kichupo kipya, kama Momentum, zinaleta picha kubwa ya mandhari, ni nzuri na zinatuliza ila kama unatumia bando la siku utaiona.

Umeme ukikatika na laptopu ikazima, iliyoandika saa ya kumaliza itakuta muda umeshapita, ile raundi ihesabu imekufa uanze nyingine. Kinachoniuma zaidi ni zile zinazopoteza kumbukumbu ya siku nzima kwa sababu zinahifadhi jioni tu, hizo nimeziacha. Jaribu mwenyewe, maliza raundi moja, ua brauza ghafla, fungua uone kama ile raundi ipo.

Ya bure inatosha au nilipie?

Inatosha, kwa miezi ya mwanzo kabisa inatosha. Lipia pale tu umeshagonga ukuta, unajua kabisa ni kitu gani kimekosekana.

Ukifika kulipa ujue duka la Chrome lenyewe halipokei malipo ya ekstensheni tangu Februari 2021, kwahiyo utapelekwa kwenye tovuti ya mwenye ekstensheni na utatakiwa kadi. Kenya kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza 2022, Tanzania nako kampuni za simu zina kadi za mtandaoni za namna hiyo. Zikikupa siku za majaribio, siku hiyohiyo unayojiunga andika kazi kwenye orodha yako, "futa au lipia", tarehe iwe siku mbili kabla hazijaisha. Piga hesabu kwa mwaka na kwa shilingi, dola tatu kwa mwezi inaonekana ndogo mpaka uizidishe mara 12.

Nitajie majina basi.

Haya, ninazozijua kwa kuzitumia na kuwawekea watu.

LeechBlock NG ndio ninayoiamini kwa kufungia. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, ipo Firefox, Chrome na Edge, na unaweza kuipangia masaa au kuiambia nipe dakika 10 tu za tovuti hii kila saa moja. Ukurasa wake wa mipangilio ni mrefu na unatisha, jaza jina la kundi, tovuti na masaa, mengine yaache kama yalivyo.

StayFocusd ni rahisi zaidi kuelewa, unaipa tovuti dakika za siku, zikiisha imefungwa mpaka kesho.

Todoist kwa orodha, ina ekstensheni inayokuruhusu kugeuza ukurasa ulioufungua ukawa kazi kwa kubonyeza mara moja, na iko pia kwenye simu. Kazi ziandike kwa Kiswahili bila shida ila tarehe iandike kwa Kiingereza, ya Kiswahili haiielewi.

Toggl Track, ya kampuni ya Estonia, ndio naipendekeza kwa anayelipwa kwa saa. Inaweka kitufe cha kuanza saa ndani ya tovuti nyingine, hata ndani ya Todoist, kwahiyo taima na kazi vinakaa mstari mmoja, na ina raundi za pomodoro ukizitaka. Mwisho wa mwezi ankara yako inajiandika karibu yenyewe.

Forest inapanda mti kwenye skrini, ukifungua tovuti uliyoikataza mti unakufa. Wanangu wameipenda kuliko mimi. Na ukitumia app yao, sarafu unazokusanya unaweza kuzigeuza mti wa kweli kupitia shirika la Trees for the Future ambalo linafanya kazi na wakulima wa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na kwa mtoto anayejifunza kutulia na kitabu hiyo habari ina uzito wake.

Nimepanga ifungie saa mbili mpaka saa kumi lakini haifungi!

Naliona sana hili na mtu anafikiri ekstensheni mbovu. Hizi zinatumia saa za kompyuta, masaa 24 kuanzia usiku wa manane. LeechBlock unaandika mfano 0900-1700. Ukiandika 0200-1000 umeiambia ifungie kuanzia saa nane usiku mpaka saa nne asubuhi, yani inakulinda ukiwa umelala, na saa nne ukishakaa kwenye kiti inakuachia kila kitu. Saa mbili asubuhi ni 0800, saa kumi jioni ni 1600. Na unaweza kuacha upenyo wa chakula kwa kutenganisha na mkato, 0800-1300,1400-1600, usiweke nafasi katikati.

Naifunga halafu naifungua mwenyewe. Nifanyeje?

Kwanza angalia kama kuna mlango umeuacha. Ekstensheni haifanyi kazi kwenye dirisha la faragha mpaka uiruhusu kwenye chrome://extensions, na brauza ya pili iliyoko kwenye kompyuta haiijui kabisa. Ziba hiyo.

Kisha weka ugumu mdogo. LeechBlock inaweza kukutaka unakili mstari mrefu wa herufi zisizo na maana kabla hujafika kwenye mipangilio, StayFocusd inaweza kukuandikisha aya nzima bila kosa. Nia hapa ni kupata sekunde 40 za kuwaza, na mara nyingi katika hizo sekunde ile hamu inapita yenyewe. Usijifungie mpaka ukashindwa kufanya kazi, mfano unafungia YouTube yote wakati mafunzo unayoyasoma yako humo, fungia ukurasa wake wa mwanzo na zile video fupi, video ya somo ifungue kwa linki yake.

Na adhana, mtoto, mteja anayepiga simu?

Utaratibu wa Cirillo unasema raundi haigawanyiki, ukikatizwa imekufa, anza upya. Mimi naona ni sheria nzuri kwa vishawishi na ngumu mno kwa maisha ya nyumbani. Mtoto akiamka analia unaenda, hakuna taima hapo. Kwahiyo chagua yenye kitufe cha kusimamisha, ila jiwekee mpaka, ukisimamisha zaidi ya dakika 10 ifute, kwasababu kichwa kimeshatoka.

Swala ipange kabla, usisubiri ikukatize. Naangalia muda wa adhuhuri na alasiri asubuhi ninapopanga kazi, napiga hesabu za raundi kurudi nyuma ili mapumziko marefu yaangukie hapo, natawadha, naswali, nanyoosha mgongo, narudi. Raundi ya baada ya alasiri ndio huwa inanitoka vizuri kuliko zote.

Simu ya mteja, kama haina haraka nampigia kwenye mapumziko. Andika jina lake kwenye orodha, hiyo ndio faida ya orodha kuwa kitufe kimoja tu kutoka ulipo, jambo linatoka kichwani linakaa sehemu salama na wewe unaendelea na sentensi yako.

Laptopu ni ya ofisi.

Uliza kwanza watu wa TEHAMA. Wana uwezo wa kuzuia ekstensheni au kuziweka kwa lazima, ukiandika chrome://policy utaona wamepanga nini. Na usiingize akaunti yako binafsi kwenye brauza ya ofisi kwasababu tu unataka orodha yako ya nyumbani.

Niweke ngapi?

Moja, zikizidi mbili. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inahisi kila ekstensheni. Kwenye Windows bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Chrome, utaona kila moja inakula kumbukumbu kiasi gani, na ile ambayo hujaigusa mwezi mzima iondoe (ukishatoa nakala ya vilivyomo).

Nimeshachagua. Wiki ya kwanza naianzaje?

Bonyeza ile alama ya kipande cha puzzle juu ya brauza, bandika ekstensheni yako ionekane muda wote, ikijificha utaisahau Jumatano. Siku ya kwanza andika kazi tatu tu, na ziandike kwa namna ambayo utajua zimekwisha, "ripoti ya mteja" haina mwisho, "tafsiri ukurasa wa 4 mpaka wa 9" ina mwisho. Fanya raundi 4, sio 12, watu wanaanza na 12 na siku ya tatu wameacha. Mlio uweke chini lakini usiuzime. Kwenye mapumziko simama, toka nje, kunywa maji, mapumziko ya kuangalia skrini nyingine macho hayayajui.

Ijumaa fungua kumbukumbu uiweke pembeni ya ile karatasi yako ya vijiti. Kama neno lililojaa kwenye karatasi limepungua, endelea nayo, sasa ndio ubadilishe muda wa raundi au uongeze kazi ya nne. Kama halijapungua hata kidogo, umetibu pengine, toa nakala ya orodha yako, ondoa hiyo ekstensheni, rudi kwenye swali la tatu hapo juu na Jumatatu ujaribu ya aina nyingine.